Kifua cha mlezi kimejaa: barua ya wazi kwa wanaosimamia makao ya watoto

Kwa waheshimiwa wote wenye dhamana ya makao ya watoto Tanzania Bara: wizarani, kwenye halmashauri na kwenye bodi za makao yenyewe.

YAH: HALI YA WALEZI WANAOISHI NA VIJANA WA MIAKA 13 HADI 17

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mlezi kwenye makao yanayoendeshwa na taasisi binafsi. Bweni langu ni la wasichana wakubwa, wale ambao wageni wakija na zawadi huwapita wakakimbilia kubeba wadogo. Naandika kwa niaba yangu na ya walezi wenzangu wa makao kadhaa ya mkoa wetu, wanawake kwa wanaume, baada ya kufuata utaratibu na kugonga mwamba. Tulianza kwa meneja, akatuomba subira. Tukaandikia bodi, ikatuletea semina ya nusu siku kuhusu usafi wa jiko. Tukafika ofisi ya halmashauri, tukapokelewa vizuri, tukaandikwa, tukaambiwa tutapigiwa. Jina langu silitaji kwa sababu mkataba wangu huandikwa upya kila mwaka na nina watoto shuleni.

Kabla ya yote: hatuwalalamikii vijana. Wengi wao walipigwa, walitelekezwa au walifanyiwa mambo ambayo mtu mzima yangemwangusha. Hasira waliyo nayo wanaitua kwa aliye karibu, na aliye karibu ni sisi. Hilo tulilijua tulipoomba kazi, au tulilijua wiki ya kwanza. Tunachokilalamikia ni kwamba mkaguzi akija anahesabu vitanda, anapekua vyandarua, anaomba leseni, anaonja maharage na kufungua faili za watoto, kisha anaondoka bila kumuuliza mlezi hata mmoja amelala lini. Ukaguzi huo tunauunga mkono. Una upande mmoja tu.

Hoja zetu ni hizi.

1. Tunayoyasikia hayana pa kwenda.

Kijana wa miaka 14 hasimulii yaliyomkuta ofisini, mchana, mbele ya mtu mwenye fomu. Anasimulia saa nane usiku, amekupa mgongo, anafua shuka alilolikojolea na hataki wenzake waamke. Anataja jina la mjomba. Anasema kilichofanyika kwa maneno ya mtoto, halafu anauliza kama kesho kuna chai ya maziwa. Wewe uliyesimama pale na ndoo unatakiwa usishtuke, usilie, usiahidi siri usiyoweza kuitunza, na usimuulize maswali yatakayokuja kuharibu ushahidi. Alfajiri unamwamsha meneja. Mnakwenda polisi, dawati la jinsia na watoto, mnapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, mnakwenda hospitali, mnakaa foleni. Unarudi jioni, bweni zima linataka kujua mlikuwa wapi, na usiku ni zamu yako tena.

Mtoto huyo, akibahatika, atapangiwa mnasihi. Faili lake litanenepa, na ndivyo inavyopaswa. Mimi niliyesikia wa kwanza nimeandika mistari michache kwenye daftari la matukio nikaweka saini. Siruhusiwi kumsimulia mume wangu, na ni haki, kwa sababu siri ni ya mtoto. Siruhusiwi kuwasimulia walezi wenzangu. Meneja ana mambo yake. Basi linabaki kifuani, na wiki ijayo linaongezewa jingine.

Mwenzangu mmoja alifika mahali akakataza wanawe wa kuwazaa kwenda kwa kaka yake, mtu asiye na doa lolote, na hakuweza kumweleza mtu yeyote kwa nini. Ugomvi wa ukoo ule haujaisha. Mwingine moyo humwenda mbio kila akisikia bomba limefunguliwa usiku, hata akiwa kwake. Yupo aliyegeuka baridi: kijana analia, yeye anakunja nguo. Wakubwa wanamsifu kwa utulivu. Sisi tunaolala chumba kimoja naye tunajua kwamba hana tena cha kutoa.

Haya hatujayabuni. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeutambua uchovu unaotokana na msongo wa kazi usioshughulikiwa, na dalili zake linazitaja: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona huwezi tena kuifanya ipasavyo. Shirika la Kazi Duniani nalo, tangu mwaka 2010, limeweka maradhi ya akili yanayofuata tukio la kutisha kwenye orodha ya magonjwa yanayotokana na kazi. Zimamoto wakitoka kwenye ajali mbaya watu wanaelewa kwamba wameona kitu. Mlezi akitoka bwenini anaambiwa akapike uji.

2. Kupigwa, kisha kuandikiwa "aliteleza".

Vijana hutukana, hutema mate, hung'ata, hurusha viti. Wakati mwingine unamzuia mmoja asijikate na kiwembe, kiwembe kinakukata wewe. Kwenye makao yetu majeraha ya namna hii huandikwa kama ajali za kawaida, kwa sababu taarifa ya kweli ingemtia kijana matatani au ingewatisha wafadhili. Tunakubali kumlinda kijana. Lakini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa Sheria ya mwaka 2008 na ni wa wafanyakazi wote, wa binafsi na wa serikali, wala mfuko hauwezi kujua kilichomkuta kweli mtu aliyeandikiwa kwamba aliteleza bafuni. Hakuna aliyetufundisha namna ya kumshika kijana aliyepandwa na hasira bila kumuumiza wala kuumia. Kila mlezi anabuni yake, na wengine wanabuni vibaya.

Na kuna maumivu yasiyo na jeraha. Msichana niliyemuuguza malaria, nikamkalia na kitambaa cha maji mpaka homa ikashuka, aliniambia wiki hiyohiyo mbele ya wenzake: "Wewe unalipwa kukaa na mimi. Wasipokulipa utanijua?" Wataalamu watasema alikuwa ananipima kama nitamkimbia kama wengine. Nakubali, na sikumjibu vibaya. Ila mtu anayepimwa hivyo kila siku naye anahitaji wa kumwambia kwamba amefaulu, au angalau wa kumpa kiti akae.

3. Tuhuma.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Kijana akisema mlezi amemdhuru, asikilizwe, achunguziwe, mlezi atolewe bwenini siku hiyohiyo. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ibandikwe kila ukuta. Wapo walezi waliowadhuru watoto, na jela ni mahali pao.

Malalamiko yetu ni juu ya utaratibu usiokuwepo. Mlezi anaambiwa kwa mdomo arudi nyumbani. Hapewi barua, hajui anatuhumiwa nini hasa, mshahara unasimama, mtaani wanajua. Uchunguzi ukimalizika na akaonekana hana kosa, anapigiwa simu arudi kazini Jumatatu kama vile alikuwa likizo. Hakuna anayekaa naye na yule kijana kuwauliza wataishije tena bweni moja. Matokeo yake walezi wa kiume, hasa, wameamua kutogusa mtoto kabisa. Mvulana wa miaka 13 aliyefiwa na bibi yake analia, na baba mlezi amesimama hatua tatu mbali, mikono mfukoni, anamwambia jikaze.

4. Kijana akitoroka, mlezi anakatwa mshahara.

Hili ni fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaeleza wazi lini mwajiri anaweza kukata mshahara: kuna mipaka, kuna maandishi, na mfanyakazi ana haki ya kujitetea kwanza. Mtoto aliyeruka ukuta kwenda kumtafuta mama yake si sufuria iliyopotea stoo. Kumkata mlezi kunamfundisha kufunga milango kwa kufuli usiku, na siku moto ukiwaka tutakuja kuulizana.

5. Tunaachana nao bila kuagana.

Kisheria utoto unaishia miaka 18. Kwa walio wengi makao huishia hapo pia, au muda mfupi baadaye kama bado yuko shule. Kijana uliyempokea ana miaka saba, uliyemfundisha kutumia pedi, uliyekwenda kwenye kikao cha wazazi kwa niaba yake, siku moja anafungashiwa godoro, ndoo na nauli. Mara nyingi mlezi haambiwi tarehe mapema, asije "akamharibu mtoto kwa kulia". Mimi nimewahi kurudi kutoka likizo nikakuta kitanda kimeshalaliwa na mwingine. Wanatupigia simu usiku, wamekosa kodi, wamefukuzwa kazi za ndani, mimba imeingia. Tunatuma tulicho nacho. Hakuna bajeti inayoitambua simu ile, na hakuna sera inayosema tuipokee au tusiipokee.

Naongeza na wale wanaojitolea kutoka nje, wanaokuja kwa wiki tatu, wanasuka nywele na watoto, wanalia uwanja wa ndege, wanaondoka. Ni watu wema. Hawapo usiku wa pili, msichana anapovunja dirisha kwa sababu "dada" wa safari hii naye kaenda. Vioo nimeokota mimi.

Kifo nacho kipo. Sheria ya Ajira niliyoitaja inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo akifiwa na mtoto wake, mwenzi wake, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mtoto uliyemlea makaoni miaka tisa hayumo. Tulimzika kijana wetu asubuhi, jioni tukagawa wali. Wenzake waliokuwa wanalia walihitaji wa kuwabembeleza, na wa kubembeleza ni sisi, nasi hatukuwa tumelia bado.

6. Saa za kazi.

Sheria hiyohiyo inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo. Inaruhusu mapumziko ya kila siku kupunguzwa kutoka saa 12 hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi pale mfanyakazi anapoishi eneo la kazi. Waajiri wetu wameikumbuka sentensi ya mwisho wakasahau nyingine zote, pamoja na neno "maandishi". Kulala bwenini sikio likiwa wazi, ukijua nani anatembea usingizini na nani ana wembe kwenye foronya, hawakuhesabu kama kazi. Wanaita "kuwepo".

Sasa, waheshimiwa, najua majibu mtakayotupa kwa sababu tumeshapewa yote.

La kwanza ni kwamba hii ni kazi ya wito na thawabu iko kwa Mungu. Amina. Muuguzi naye ana wito na bado anaingia kwa zamu. Tumewasikia wanaotuambia tusali zaidi. Tunasali, na wapo wanaosali na watoto usiku wa manane kuliko yeyote aliye kwenye bodi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Njooni mlale bweni la vijana siku saba, zamu kamili, bila kamera.

La pili, fedha hakuna. Baadhi ya tunayoomba hayana gharama: barua kwa mlezi aliyesimamishwa, tarehe ya kijana kuondoka, saa moja ya kukaa chini kila wiki mbili. Na kuna gharama ambayo haijawahi kuandikwa kwenye taarifa ya mwaka. Mlezi akichoka anaondoka, analetwa mpya asiyejua kwamba yule wa kitanda cha dirishani hapendi kuguswa mgongoni, na vijana wanaanza upya kumpima. Kila mlezi anayeondoka ni mtu mzima mwingine aliyemwacha mtoto ambaye kuachwa ndiko kulikomleta makaoni. Hilo ndilo tunalotaka mlione kuliko mengine yote katika barua hii: kumtunza mlezi ni sehemu ya ulinzi wa mtoto, na liandikwe kwenye kifungu hichohicho cha bajeti.

La tatu ndilo gumu kidogo, kwa hiyo nalijibu kwa makini. Mnasema mwelekeo sasa ni kuwarudisha watoto kwenye familia, malezi ya kambo na familia za kuaminika, na makao yabaki kimbilio la mwisho, kwa hiyo kuwekeza kwa walezi wa makao ni kurudi nyuma. Tunaukubali mwelekeo huo kuliko mnavyodhani. Tunajua wenyewe bweni si nyumba. Lakini watu wakija kuomba mtoto wa kulea huomba mchanga. Kwa ninavyoona, vijana ndio watakaobaki makaoni mwisho, na watakaobaki na vijana ni sisi. Tena anayejua kama shangazi wa kijijini anafaa, anayejua mtoto alirudi likizo amekonda au amenyamaza, ni mlezi. Mkitaka kuwarudisha nyumbani salama mtahitaji walezi wenye akili iliyotulia. Hata Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, wa mwaka 2009, ambao ndio unaotaka makao yapunguzwe, unasema mazingira ya kazi ya walezi, pamoja na ujira wao, yawape moyo na yawafanye wadumu kazini.

La nne halisemwi mbele yetu: kwamba wengi wetu ni darasa la saba au kidato cha nne, hatuwezi mambo ya saikolojia. Nalijibu kwa sentensi moja. Mmetukabidhi watoto waliobakwa tuwalee usiku na mchana, basi ama tunaweza tufundishwe, ama hatuwezi mtuondoe leo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwa bodi na wamiliki wa makao: kila mlezi wa vijana apate nafasi ya kuzungumza na mtu mwenye ujuzi wa unasihi, asiye meneja wake, kila baada ya wiki mbili na ndani ya siku mbili baada ya tukio zito. Usiku wa siku mtoto alipofichua ukatili, mlezi aliyesikia asipangwe zamu. Siku zile nne za msiba zitolewe pia kwa mlezi aliyefiwa na mtoto wa bwenini kwake. Sheria imeweka kiwango cha chini, haijakataza kuongeza. Makato ya mshahara kwa watoto waliotoroka yakome, na yaliyokwisha kukatwa yarudishwe. Kijana anayetimiza miaka 18 aandaliwe mapema, mlezi wake akihusishwa, na siku ya kuondoka ijulikane kwa wote wawili.

Kwa halmashauri: afisa ustawi wa jamii anapokuja kukagua, azungumze na walezi faraghani, bila meneja, na maelezo yao yawe sehemu ya taarifa ya ukaguzi. Atazame ratiba ya zamu kama anavyotazama orodha ya chakula. Tunajua maafisa wenyewe ni wachache na maeneo ni makubwa, na wao pia wanabeba haya tunayobeba. Hawakosi la kusema wakiulizwa.

Kwa wizara: kuwe na utaratibu mmoja wa maandishi wa kushughulikia tuhuma dhidi ya mlezi, wenye muda wa mwisho, unaomlinda mtoto kwanza na kumpa mlezi barua, mshahara wa kipindi cha uchunguzi, na kurejeshwa kwa heshima akisafishwa. Mafunzo ya kushughulikia hasira, kujidhuru na kufichua ukatili yawe sharti kwa kila anayelala bweni la vijana. Chuo cha Ustawi wa Jamii kipo Kijitonyama, hatuanzi jangwani. Na majeraha tunayopata kazini, ya mwili na ya akili, yatolewe maelekezo namna ya kuyaripoti kwenye Mfuko wa Fidia bila kumfungulia mtoto kesi.

Tunaomba majibu ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke. Yaje kwa maandishi na yabandikwe kwenye mbao za matangazo za makao, ili mpishi na mlinzi wayasome pia, maana na wao husikia mengi. Kukiwa na kikao tutakuja, mradi kipangwe mchana, vijana wakiwa shule, na kila bweni liwe na mtu wa kubaki.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlezi, bweni la wasichana wakubwa,
kwa niaba ya walezi wenzake.

Nakala: Wafadhili wa makao. Zile picha za sikukuu mnazotumiwa hupigwa na sisi; tukiulizwa, tutawaeleza yaliyo nje ya picha.